Sentimita Sita

Mkasi wa ofisini ulipotea mara ya tatu mwezi Februari.
Nikafungua bahasha kwa ufunguo wa baiskeli,
ikachanika barua, ikachanika na sahihi ya mdai
ambaye bomba lilimpasukia jikoni usiku wa theluji.
Nikasema basi.

Jumamosi nikapanda treni yetu ya Wuppertal,
ile ining'iniayo juu ya mto kama soksi kambani,
kisha basi hadi Solingen, mji unaonoa
tangu mababu wa mababu.
Dukani kwa Ewald Hoppekamp mlango una kengele
na ndani mna harufu ya mafuta ya cherehani.

"Cha kazi gani?" Hakunitazama usoni,
alitazama mikono.
Nikamwambia: bahasha. Kamba za maboksi. Tufaha la saa nne.
Keki, kila mtu atimizapo mwaka, nasi tuko kumi na saba.
Na sitaki mtu ashtuke.

Akatandika kitambaa cha kijani.

Cha kwanza cheusi tii. Ukikigusa kwa dole gumba
kinaruka, tap! kimesimama, kimejifunga,
kama askari aliyeitwa jina.
Kizuri, sikatai. Moyo ulinienda mbio kidogo,
na mwanamke wa miaka hamsini na mmoja
hapuuzi moyo ukimwenda mbio.
Lakini Hoppekamp akatikisa kichwa:
"Hiki polisi wa stesheni watakiuliza maswali.
Utakayejibu ni wewe."

Cha pili kilikuwa na kila kitu: msumeno, kizibuo, koleo,
kijiti cha meno, na kijino kilichopinda
cha kutolea mawe kwatoni mwa farasi.
Sina farasi. Nina dawati ghorofa ya nne.
Kilikuwa kizito mfukoni kama deni,
na kisu chenyewe kimejibana katikati
kama mgeni aliyekosa kiti.

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, sawa;
mimi nala tufaha, tena pamoja na wenzangu.

Cha tatu alikitoa mwisho, karibu kwa aibu.
Mpini wa mti wa peasi.
Kengee sentimita sita, fupi kuliko kidole changu cha shahada.
Hakuna kitufe, hakuna kufuli,
ni springi tu, yenye subira.
Hufunguliwa kwa mikono miwili, ukucha kwenye mfuo,
polepole, kama afunguaye kitabu cha sala,
na katika kitambo kile kidogo
kila aliye chumbani ameshaona unachotaka kufanya.

Hapo nikaelewa ninachonunua.
Si makali; makali Solingen inayagawa kama maji.
Nilikuwa nanunua kile kitambo.

"Usikitie kwenye mashine ya kuoshea vyombo,"
akasema Hoppekamp, kama mtu anayeoza binti,
akakifunga kwa karatasi ya kahawia.

Jumatatu Thorsten wa hesabu alinyanyua nyusi:
"Kisu, Gitta?"
Nikamkatia tufaha.
Nyusi zikashuka kwa awamu.

Alasiri Birgül, dawati la jirani, alipokea boksi
lililofungwa kwa kamba ya plastiki isiyojua huruma.
Nikamnyooshea kisu, mpini mbele,
kwa adabu niliyofunzwa utotoni.
Hakukipokea.
Akagonga meza kwa kidole: hapa. Kiweke hapa.
Kwao kisu hakitoki mkono kwa mkono,
kisije kikakata urafiki.
Nikakiweka. Akangoja pumzi moja.
Akakiokota.

Miaka tisa tumeketi bega kwa bega
nami sikulijua hilo.

Kamba ikaachia. Ndani ya boksi:
mikasi kumi na miwili, mipya, ya mpini mwekundu,
niliyoiagiza mwenyewe nikasahau.
Birgül alicheka hadi akashika meza.

Kufikia Pasaka ilibaki minne.
Kisu kipo.